Rinda la Kiangazi kwa Paterni ya Karatasi: Mwongozo kwa Mshonaji wa Homa Bay na Migori

"Karatasi hii imekujua lini, nyathina?"

Aliyeniuliza hivyo ni mzee mmoja fundi wa nguo, kwenye baraza ya duka mjini Homa Bay. Nilikuwa nimempelekea rinda nililolishona mwenyewe kwa paterni ya kununuliwa, zile za bahasha yenye picha ya mwanamke mwembamba, na rinda lilikuwa limegoma kupita nyongani. Hakunicheka. Alichukua tepu, akaizungusha nyonga yangu mara mbili ili awe na hakika, akasoma inchi 44. Kisha akaigeuza bahasha. Saizi 14 niliyokata ilichorewa nyonga ya inchi 38. Niliichagua kwa kuwa namba hiyo ndiyo iliyokuwa kwenye marinda yangu ya dukani. Kitenge cha yadi sita nilichokifuata hadi Isebania kilikuwa kimekwisha kupita mkasini.

Mzee aliliokoa rinda kwa kulitia vipande viwili ubavuni, na nililivaa miaka mingi. Lakini swali lake ndilo ninalotaka uanze nalo. Paterni ya kuuzwa huchorwa na mtu anayeijua kazi yake. Ila alimchorea mwenye kifua fulani, nyonga fulani na kimo fulani, anayeishi nchi ambako joto huja na kuondoka. Kushona ni sehemu ndogo ya kazi iliyo mbele yako. Sehemu kubwa ni kuijulisha ile karatasi mwili wako na jua la huku, na hilo hufanywa kabla kitambaa hakijaguswa.

Kiangazi cha nani?

Bahasha ikisema nguo ni ya kiangazi, huwa inasema Juni hadi Agosti ya Ulaya na Marekani. Sisi tuko karibu kabisa na ikweta. Joto letu kali ni la Januari na Februari, na zile siku za Machi ambapo kila mtu anatazama mawingu akingoja masika. Homa Bay, Mbita na Kendu Bay zina joto lenye unyevu wa ziwa: jasho halikauki mgongoni mpaka upepo wa mchana uanze kuvuma kutoka majini. Migori mjini ni juu kidogo, na ukipanda kuelekea Kehancha utahitaji kitu cha kujifunika usiku. Kwa hiyo rinda moja linalomfaa mwanamke wa Muhuru Bay huenda likamtia baridi dada yake aliye Kuria saa kumi na mbili asubuhi.

Kuna mambo mengine ambayo mchoraji hakuyafikiria. Jioni kando ya ziwa ni saa ya mbu, na malaria ya huku si mchezo. Mkono mrefu uliolegea, wa pamba nyepesi, ni bora kuliko rinda lisilo na mikono ambalo itabidi ulifunike kwa sweta. Sketi nyembamba iliyobana magoti haipandi bodaboda. Simu ndiyo pochi yako siku hizi, na paterni nyingi za marinda hazina mfuko. Na kama wewe ni wa kanisa ambalo mabega hufunikwa, usinunue paterni ya vikanda mabegani ukidhani utajua la kufanya baadaye.

Tafuta basi paterni yenye mambo haya: umbo linaloanguka kutoka mabegani au kifuani bila kubana kiuno, vipande vichache, shingo isiyo na kola, mkono mpana kwapani. Hesabu vipande kabla ya kununua. Rinda la vipande vitano au sita linamtosha anayeanza. Lenye bitana liache. Tabaka mbili za kitambaa mwezi wa Februari ni adhabu, hata ziwe nzuri namna gani.

Karatasi zenyewe zinapatikanaje? Majina makubwa ni yale yale ya tangu zamani: Butterick, McCall's, Simplicity, Vogue, na Burda ya Ujerumani. Mara nyingi hutufikia kwa mkono wa ndugu anayetoka Nairobi au ng'ambo. Njia iliyo rahisi zaidi sasa ni kununua paterni kwa simu na kuichapisha saibani, kisha kuunga kurasa kwa gundi. Hapo kuna mtego mmoja unaoharibu nguo nyingi. Kompyuta hupenda kuupunguza mchoro ili utoshee karatasi. Mwambie kijana wa saiba achape kwa asilimia 100, bila kupunguza, na kwanza achape ukurasa mmoja tu, ule wenye mraba wa kupimia. Weka rula juu ya mraba. Kama umeandikwa sentimita 10 na rula inasoma 9.5, usilipe kurasa nyingine mpaka arekebishe. Tofauti hiyo ndogo hugeuza rinda lililokusudiwa kuwa na inchi 44 nyongani kuwa la chini ya inchi 42. Angalia pia kama faili ni ya A4. Wamarekani hutumia karatasi fupi na pana kuliko yetu, na mistari ya kuungia haitakutana vizuri.

Tepu kwanza, bahasha baadaye

Vaa sidiria utakayovaa na rinda hilo, na gauni jepesi la ndani tu. Mwite mtu akupime. Anayejipima peke yake huinama, na tepu ya mgongoni hushuka. Utahitaji vipimo vinne vya mzunguko: kifua cha juu, yaani tepu ikipita kwapani juu ya matiti, kifua kamili, mahali palipojaa zaidi, kiuno, na nyonga mahali palipo pana zaidi, ambapo kwa wengi wetu ni chini kuliko tunavyodhani. Ongeza vipimo viwili vya urefu: kutoka mfupa wa shingo nyuma hadi kiunoni, na kutoka kiunoni hadi unapotaka rinda liishie. Andika kwenye daftari pamoja na tarehe.

Sasa geuza bahasha usome jedwali. Kampuni kubwa za Marekani zina jedwali linalofanana. Saizi 12 ni kifua inchi 34, kiuno 26½, nyonga 36. Saizi 14 ni 36, 28 na 38. Saizi 16 ni 38, 30 na 40. Saizi 18 ni 40, 32 na 42, na saizi 20 ni 42, 34 na 44. Namba hizo hazina undugu na namba za rinda la dukani wala la mitumba. Burda ina namba zake tofauti. Isahau namba, soma inchi.

Tuchukue vipimo vyangu mwenyewe: kifua cha juu 36, kifua kamili 39, kiuno 32, nyonga 44. Ukinitafuta kwenye jedwali utanikuta sehemu tatu. Kifua cha juu kinaniweka kwenye 14, kiuno kwenye 18, nyonga kwenye 20. Hakuna bahasha iliyokosea hapo na hakuna mwili uliokosea. Wanawake wengi ninaowajua huku wana sura hiyo hiyo, nyembamba mabegani na yenye kujaa chini, na ndiyo maana marinda ya dukani hutubana nyuma na kutupwaya shingoni.

Kanuni ninayoifuata ni hii: mabega, shingo na kwapa ni vigumu kurekebisha, ubavu ni rahisi. Kwa hiyo chagua saizi kwa sehemu ya juu, kisha panua chini. Kampuni hizo huchora kifua kwa mwanamke ambaye kifua chake kamili kinazidi kile cha juu kwa karibu inchi mbili. Kama tofauti yako ni inchi mbili au pungufu, tumia kifua kamili. Ikizidi hapo, kama yangu, tafuta saizi kwa kifua cha juu, halafu uongeze nafasi ya matiti mbele peke yake. Anayechukua saizi kubwa ili matiti yaenee hupata rinda linaloteleza mabegani siku nzima.

Kuna kipimo kingine ambacho wengi hawakioni. Kwenye karatasi yenyewe, karibu na mstari wa kifua na wa nyonga, huandikwa ukubwa wa nguo ikishamalizika. Toa kipimo chako kutoka hapo, na kinachobaki ndiyo nafasi ya hewa. Inchi mbili au tatu zinatosha rinda la ofisini lenye kiyoyozi. Kwa mchana wa Homa Bay mimi nataka inchi nne kifuani, na zaidi nyongani. Rinda likigusa ngozi pande zote, jasho halina pa kwenda.

Kunakili na kurekebisha

Usikate karatasi asili. Bahasha moja huwa na saizi nyingi zilizochorwa moja ndani ya nyingine, na ukifuata mstari wa 14 kwa mkasi umeua zilizozidi hapo zote. Nakili saizi yako kwenye karatasi ya kaki. Gazeti linafaa pia, ila wino wake hupaka kitambaa cheupe. Nakili kila alama: mshale mrefu unaoonyesha mwelekeo wa nyuzi, vipembe vidogo vya kukutanishia vipande, nukta, na ukingo ulioandikwa "fold", maana yake kitambaa kikunjwe hapo na usikate. Nimeona nusu rinda mbili za mbele kwa sababu ya neno hilo moja.

Kupita kutoka saizi moja hadi nyingine ni kazi ya penseli. Anza na mstari wa 14 kwapani, telemka taratibu ufike mstari wa 18 kiunoni na wa 20 nyongani, kwa mstari uliolala vizuri bila kona. Fanya vivyo hivyo kwa kipande cha nyuma, la sivyo mishono ya ubavu haitalingana urefu.

Kuongeza nafasi ya matiti kunatisha kwa maneno kuliko kwa mkono. Chukua nakala ya kipande cha mbele, kiweke kifuani pako mbele ya kioo, utie alama mahali ncha ya titi ilipo. Kutoka alama hiyo chora mistari mitatu: mmoja ushuke wima hadi upindo, ukifuata mshale wa nyuzi, mmoja upande hadi katikati ya sehemu ya chini ya kwapa, mmoja uende ubavuni kupitia katikati ya dati, ile pembe nyembamba inayoshonwa ili kitambaa kipate tumbo la kupokea titi. Kata mstari wa wima hadi kwenye alama, endelea kuelekea kwapani lakini uache karatasi imeshikana kwa uzi. Kata wa ubavuni nao, uache umeshikana pale kwenye alama. Sasa vuta upande wa nje. Mimi nilihitaji inchi 3 kwa kifua kizima, na kwa kuwa kipande ni nusu, nilivuta inchi moja na nusu. Dati itafunguka yenyewe na kuwa pana zaidi. Hivyo ndivyo inavyotakiwa. Bandika karatasi nyuma ya pengo, shusha sehemu ya katikati ili upindo uwe sawa, na umemaliza. Mara ya kwanza ilinichukua saa nzima. Sasa ni dakika kumi na tano.

Kama una makalio yaliyojaa, upindo wa nyuma utapanda na ule wa mbele kushuka, na watu watadhani hukupima. Dawa yake si kukata mbele. Kata kipande cha nyuma kwa mkingamo kwenye mstari wa nyonga kutoka katikati hadi karibu na ubavu, ufungue inchi moja au zaidi upande wa katikati, ubandike.

Tazama pia urefu. Paterni hizo humkusudia mwanamke wa futi 5 na inchi 5 au 6. Kila kipande kina mistari miwili sambamba ya kurefushia au kufupishia. Tumia hiyo, ukipunguza upindoni tu, kiuno na mifuko itabaki mahali pasipo pake.

Merikani kabla ya kitenge

Hatua inayofuata ndiyo wengi huiruka, nami nakusihi usiiruke. Shona rinda la majaribio. Kitambaa bora kwa kazi hiyo ni merikani, ile pamba isiyopaushwa ya rangi ya maziwa. Jina lake lina historia: katika karne ya 19 meli za Salem, jimbo la Massachusetts, zilileta kitambaa hicho Unguja kwa wingi hata kikabeba jina la nchi yao, na mkataba wa biashara kati ya Marekani na Seyyid Said ulitiwa saini mwaka 1833. Katika jimbo lilo hilo la Massachusetts, mjini Sterling, fundi aitwaye Ebenezer Butterick alianza mwaka 1863 kuuza paterni za karatasi zilizopangwa kwa saizi. Basi ukiweka paterni ya Butterick juu ya merikani, umekutanisha jamaa wawili wa jimbo moja.

Usipopata merikani, shuka ya mitumba ya pamba inafaa vizuri, na mara nyingi ni nafuu zaidi. Shona kwa mishono mirefu, bila zipu, bila kupinda chochote. Vaa, kisha ishi ndani yake dakika kumi. Keti kwenye kiti cha chini. Inua mikono kama unayejitwika beseni. Panda ngazi. Chutama kama unayeanika omena. Mahali panapovuta panakuonyesha mkunjo, na mkunjo huelekeza kidole kwenye tatizo: ukitoka kwenye titi kwenda kwapani, nafasi ya mbele haitoshi, ukilala kwa mkingamo chini ya shingo nyuma, mgongo ni mrefu mno. Bana kwa pini, tia alama kwa kalamu, uhamishie kwenye karatasi. Hapa ndipo unapoweza kumwendea fundi wa barazani. Mlipe kwa kukutazama tu. Mafundi wetu hukata moja kwa moja kwenye kitambaa kwa chaki na vipimo vilivyo kichwani, na jicho la mtu aliyefanya hivyo miaka thelathini huona kwa haraka kile ambacho wewe utakitafuta nusu siku.

Kitambaa

Pamba tupu, ndiyo kauli yangu. Kando ya Ziwa Victoria tumelima pamba tangu enzi za ukoloni, na kiwanda cha KICOMI cha Kisumu kilikuwa kikifuma nguo hadi kilipofungwa miaka ya 1990. Leo tunanunua kitambaa kutoka mbali na tunapaswa kuchagua kwa macho mawili. Vitenge vingi vinavyong'aa sokoni ni polyesta. Omba uzi mmoja wa ukingoni, uuwashe juu ya sahani. Pamba huungua kama karatasi, hutoa harufu ya karatasi, na huacha jivu laini. Polyesta huyeyuka na kuacha donge jeusi gumu. Njia nyingine ni tone la maji: likinywewa upesi, jasho lako nalo litanywewa.

Migori ina faida ya mpaka. Kutoka mjini hadi Isebania ni safari fupi kwenye barabara kuu, na ng'ambo ni Sirari, Tanzania. Huko utakuta vitenge na khanga za Kitanzania ambazo hazifiki maduka yote ya Homa Bay. Kabla ya kulipa, kumbuka jedwali la bahasha hutaja yadi au mita kwa upana wa inchi 45 au 60. Vitenge vingi ni vya upana wa karibu inchi 45, na kipande cha yadi sita ni mita tano na nusu. Kama ua ni kubwa au ndege wote wanatazama upande mmoja, ongeza yadi moja, maana vipande havitaweza kupishana kichwa na miguu.

Fua kitambaa kabla ya kukata. Wanga wa kiwandani hutoka na pamba husinyaa kidogo. Anika kivulini, piga pasi kikiwa na unyevu kidogo. Kama unatumia pasi ya makaa, ijaribu kwanza kwenye kitambara, kwa sababu jivu likianguka kwenye kitambaa cheupe ni msiba.

Leso, yaani khanga, inastahili maelezo yake. Jozi moja ni vipande viwili, kila kimoja karibu mita moja na nusu kwa mita moja na kidogo, na inatosha rinda jepesi la hadi magotini: kipande kimoja mbele, cha pili nyuma. Mafundi wengi hutaka pindo lake lipambe sehemu ya chini ya rinda, nami pia. Ili iwe hivyo, mshale wa paterni hautafuata mtanda, yaani nyuzi za urefu. Utafuata mshindio, zile za upana. Kwa pamba nyepesi na rinda linaloanguka bila kubana hakuna madhara. Lakini paterni yenye upindo wa mviringo haifai, kwa kuwa pindo la leso limenyooka. Chagua yenye upindo ulionyooka, na mikunjo ya kuvutwa kifuani au kiunoni. Kisha soma jina la leso. Amua mapema litakaa wapi, na usilikate katikati ya neno. Maneno hayo watu watayasoma ukiwa umewapa mgongo.

Kukata na kushona

Tandaza kitambaa sakafuni palipofagiwa, si kitandani. Pima kutoka kila ncha ya mshale hadi ukingo wa kitambaa. Vipimo viwili vikilingana, kipande kimelala sawa. Rinda linalojizungusha mwilini baada ya kufuliwa lilikatwa mshale ukiwa umepinda. Tumia mkasi ambao haujawahi kukata karatasi.

Paterni za kampuni za Marekani huwa zimeshaweka nafasi ya mshono, sentimita 1.5 kila upande. Zile za jarida la Burda kwa kawaida hazina, na itabidi uiongeze mwenyewe wakati wa kunakili. Hakikisha unajua uko upande gani.

Sindano namba 80 inafaa vitenge vingi na leso. Kwa pamba nyepesi mno tumia 70. Sindano mpya kwa kila rinda. Mshono uwe wa milimita mbili na nusu. Cherehani ya mguu inatosha kabisa, na stima ikipotea wewe unaendelea.

Kwa kuwa hatuweki bitana, ndani ya rinda ndiko ngozi inakogusa, na nyuzi zinazochomoza huwasha penye jasho. Kama huna ovaloki, shona mshono wa Kifaransa. Weka vipande migongo ikitazamana, upande mzuri nje, ushone kwa milimita 6. Punguza nyuzi, geuza, piga pasi, kisha shona tena upande wa ndani kwa milimita 9. Jumla ni ile sentimita moja na nusu ya paterni, kwa hiyo hakuna kinachobadilika, na nyuzi zote zimefungiwa ndani. Kwa ubavu ulionyooka huwa mzuri sana. Kwapani penye mviringo mkali ni mgumu. Hapo mpelekee mwenye ovaloki.

Shingoni, maelezo ya paterni huenda yakakutaka ukate vipande vya kugeuzia ndani na kuvigandisha kwa kitambaa cha kukaza. Mimi huviacha. Ni tabaka tatu za joto juu ya mfupa wa shingo. Kata badala yake utepe wa mshazari, yaani kwa nyuzi 45, wenye upana wa sentimita 4, ushone kuzunguka shingo upande mzuri, uugeuze ndani na kuupiga mshono wa pili. Utepe wa mshazari hunyumbuka, kwa hiyo huzunguka shingo bila kujikunja.

Mfuko ni lazima. Weka kiganja chako juu ya karatasi, uchore kukizunguka kwa nafasi ya vidole viwili, ukate vipande vinne. Vishone kwenye mishono ya ubavu, mdomo ukianzia inchi tatu chini ya kiuno, kabla hujaunganisha mbele na nyuma. Upande huo tumia mshono wa kawaida. Jaribu kwa simu yako mwenyewe.

Na kila mshono upigwe pasi kabla mwingine haujaukata. Rinda la nyumbani na la fundi mara nyingi hutofautiana kwa hilo tu. Mwisho, tundika rinda usiku mmoja kabla ya kupinda chini, kwa maana sehemu zilizokatwa mshazari hushuka kwa uzito wake.

Anza Novemba, wakati mafundi wote hawajajaa nguo za Krismasi na bado unaweza kupata mtu wa kukupigia ovaloki siku hiyo hiyo. Rinda likikukaa vizuri, andika juu ya bahasha vipimo ulivyokuwa navyo, tarehe, na kila ulichobadilisha. Nakala yako ikunje pamoja nayo na kuiweka kwenye kopo la bati, mbali na panya na mende. Kila mwaka jipime upya kabla ya kuitoa. Na ile karatasi asili, ambayo hukuikata, mpe jirani mwenye kifua cha inchi 34 anakili saizi yake.